Maji ya Moto Juu ya Theluji

Rumonge, alasiri

Zaina wangu,

Tangu asubuhi siwezi kukaa. Nakunja nguo zako, nazikunjua, nazikunja upya, na mara mbili nimejikuta nacheka peke yangu, hadi Babu yako akauliza kutoka uani, "Mama Zaina, uko na nani humo ndani?" Nilitaka kumjibu: niko na mtoto wangu, anashuka kwenye ndege, pua imemkauka kwa baridi, na kila kitu mbele yake ni cheupe, mapaa, miti, magari, mpaka nyaya za umeme! Huzuni ninayo, sikufichi. Lakini furaha imetangulia mlangoni na imekataa kuipisha.

Kesho Mjomba Hamisi atakufikisha Bujumbura pamoja na magari yanayosindikizwa na askari, na kutoka huko utaruka hadi Kanada, kwa Shangazi Mariamu, dada yake baba yako. Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako uisome ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kuteremka ukarudi kunigombeza.

Mambo ya kila siku siyaandiki. Ule nini, ulale saa ngapi, ushike vipi mkono wa Shangazi mnapovuka barabara: yeye ana mdomo wa kutosha kwa hayo yote, utamsikia hata ukiwa umelala. Mimi nataka kukuandikia habari za theluji, na habari za neno ulilosema jana.

Jana ulikaa juu ya sanduku ukakunja mikono.

"Siendi," ulisema.

"Zaina."

"Siendi mpaka uniambie siku utakayokuja. Siyo 'karibuni.' Siku. Jumatatu, Jumanne, uniambie."

"Karatasi zangu za safari ziko kwa Wakanada. Wamesema nisubiri."

"Mpaka lini?"

"Hawakusema."

"Basi na mimi nitasubiri hapa hapa."

Nikanyamaza. Ungedhani nimekasirika. Kumbe nilikuwa napigana na ulimi wangu, maana ulishataka kukutupia mwezi wowote, wa sita, wa nane, ili tu uinuke juu ya sanduku. Wewe una pasipoti yao kwa sababu ulizaliwa kwao, wakati baba yako alipokuwa mwanafunzi huko, kabla hatujarudi nyumbani. Mimi sina. Na baba yako, aliyeuawa kwenye barabara ya Gitaza gari alilopanda lilipopigwa risasi, hayupo wa kutusemea. Hiyo ndiyo hali yenyewe, unaijua. Siku siijui. Sikukutungia siku, na leo nataka ujue kwa nini.

Nilipofika huko nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimemaliza lise, shule ya sekondari, wa kwanza katika Kifaransa, na niliamini kuwa hakuna kitu duniani ambacho sitakielewa nikikitazama kwa bidii. Tulipanga chumba cha chini, nusu yake iko ardhini, mlango wake unaufikia kwa kushuka ngazi kutoka barabarani, na dirisha letu lilikuwa sawa na nyayo za wapita njia. Nilijua majirani zetu kwa viatu. Baba yako alisoma mchana, na usiku alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Wewe ulikuwa tumboni, unapiga teke kila nikiinama.

Theluji ya kwanza niliipenda kama mjinga. Nilitoka na kandambili! Baba yako alinirudisha ndani amenibeba, mimi nacheka, vidole vya miguu vimekuwa vya mtu mwingine. Kwa wiki nzima nilisimama dirishani nikiitazama. Haina sauti, Zaina. Hiyo ndiyo ajabu yake kubwa. Mvua yetu inashuka kutoka milimani ikipiga kelele, inagonga mabati, unajua imekuja na unajua imekwenda. Theluji inaingia kama mtu aliyevua viatu.

Halafu ikaja ile kubwa. Ilianza baba yako akiwa kazini. Jioni ngazi zetu zilikuwa zimejaa, na nilipofungua mlango nilikuta ukuta mweupe unaonifika kifuani, umebaki na chapa ya ubao wa mlango. Simu ya hospitali ikaniambia kwamba barabara zimefungwa, wafanyakazi wote watalala huko huko. Nikauliza mpaka lini. Msichana wa simu akanijibu, "Mpaka zifunguliwe, bibie."

Nikafanya jambo ambalo mtu wa ziwa tu ndiye angelifanya. Nikajiambia: hii ni maji yaliyoganda, basi dawa yake ni moto. Tumezoea hivyo, kwetu kitu kigumu unakichemsha hadi kilainike, maharagwe, nguo yenye mafuta. Nikajaza sufuria kubwa, ikachemka, nikafungua mlango nikamwaga. Tssss! Mvuke ukanifunika uso, na theluji ikadidimia kama sukari inayonyeshewa. Unaona? Nimeshinda! Nikachemsha nyingine, na nyingine, natembea na tumbo langu kutoka jikoni hadi mlangoni, jasho linanitoka katikati ya baridi ile, na kila sufuria najisifu. Nilimwaga hadi mikono ikachoka. Nilipata shimo la kumtosha paka. Nikasema kesho nitamalizia, nikafunga mlango.

Asubuhi mlango haukufunguka. Maji yote niliyomwaga yalikuwa yamerudi kwangu. Yalishuka chini ya theluji, yakakusanyika kwenye kizingiti, yakapenya chini ya mlango, yakageuka jiwe. Mlango ulishikana na sakafu kana kwamba fundi aliujengea. Na ile theluji laini iliyokuwa ngazini, ambayo mtu wa nje angeiondoa kwa koleo, sasa ilikuwa imevaa ganda la barafu unaloweza kupasulia kuni. Ndani ya nyumba, bomba la jikoni likakohoa mara mbili, likakauka; nalo lilikuwa limeganda, kwa sababu nilikuwa nimezima kipasha joto cha upande ule, nikidhani naokoa umeme wakati wa kupika.

Nililia, mwanangu. Si machozi mazuri ya kwenye hadithi. Nilipiga ule mlango mateke. Nikautukana kwa Kirundi, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na nilipoishiwa nikaanza upya.

Juu yetu aliishi mjane aliyeitwa Madame Rolande, mwanamke wa redio na karata, mwizi mkubwa wa karata. Sakafuni kwake kulikuwa na tundu la kupitishia joto, na kupitia tundu hilo sauti zilipita kama mtu yuko mezani. Akanisikia.

"Binti! Unamuua nani huko chini?"

"Mlango! Nimeumwagia maji ya moto."

Kicheko, kirefu, cha kifua kibovu cha sigara.

"Umeipikia theluji supu! Mtakatifu Ana! Miaka yangu yote sijaona."

"Madame, nifungulie."

"Nikufungulie na nini? Na mimi mlango wangu haufunguki. Theluji imefika kwenye kitasa."

"Itaisha lini?"

"Itaisha."

"Lini?"

"Ningejua ningekuwa tajiri. Nimezaliwa nayo, nimeichukia tangu siku niliyozaliwa, na haijawahi kuniaga wala kuniambia inakuja. Una chakula?"

"Ndagala. Na mchele."

"Ndagala ni kitu gani?"

Nikamweleza: samaki wadogo wa ziwa letu, wanaanikwa mchangani. Akauliza kama ndio harufu ile anayoisikia tangu tumehamia. Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilidhani ni paka wako amekufa." Na mimi, niliyekuwa nalia, nikacheka hadi wewe ukapiga teke.

Lakini lile neno lake, "itaisha," liliniudhi siku nzima. Nililiona jibu la mtu mvivu. Nilitaka saa. Nilitaka mtu mwenye cheo aniambie kesho adhuhuri, ili nihesabu, nishike kitu mkononi. Bila saa, kila dakika ilikuwa na uzito wa siku, maana kila dakika niliinuka kwenda kuutazama mlango.

Ulipofika wakati wa sala sikuwa na maji ya udhu. Nikafungua dirisha kidogo, nikachota theluji kwenye bakuli, kisha nikabaki nimesimama nayo nikijiuliza: hii ni maji, au ni vumbi? Kama ni maji, natawadha. Kama ni vumbi safi, napaka uso na mikono, inatosha pia. Mimi na diploma yangu nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi! Mwishowe niliishika tu viganjani, nikaifumba, na yenyewe ikanijibu: ikawa maji, kidogo kidogo, ikateremka mikononi hadi kwenye viwiko. Sikuichemsha. Sikuifanya chochote. Niliishika tu, nikangoja ile baridi inayouma, na joto la mikono yangu likatosha.

Nikasali. Siku za majira ya baridi huko ni fupi mno, sala za mchana zinafuatana kama watoto wanaotoka shule, hujakunja mkeka nyingine imefika. Siku hiyo sikuukunja kabisa. Na mara ya pili au ya tatu, nikiwa nimekaa tu pale, nilikumbuka siku za mwezi mpevu kwetu.

Unazijua siku za mwezi. Umekulia ndani yake. Lakini wewe huzioni, kama mimi nilivyokuwa sizioni nilipokuwa na umri wako. Kwetu, mwezi ukijaa, mitumbwi hailali ziwani. Ndagala hawaijali tena taa ya mvuvi wakati mbingu yote imewashwa, wanatawanyika. Basi wanaume wanabaki nchi kavu hadi giza lirudi. Nilipokuwa mtoto nilikuwa namghadhibikia Babu yako siku hizo. Nilimwambia, "Baba, si uende tu, hata kidogo? Labda leo watakuja." Naye, amelala chali chini ya wavu alioutandika juu ya vijiti, anaziba matundu kwa sindano ya mbao, alinijibu, "Samaki iko kule kule. Haikuhama. Wewe uniletee uzi." Na tazama walivyofanya watu wa mwalo, pale mitumbwi inapofikia, siku hizo: walipaka mitumbwi lami, waliwaoza mabinti zao, walikwenda hadi Gatete kuwaona wagonjwa, waligombana na kupatana. Hakuna aliyesimama ufukweni kuutukana mwezi. Hakuna aliyeuliza ziwa limekwenda wapi.

Nilishtuka pale mkekani, Zaina, kama mtu aliyeguswa bega! Nilikuwa binti wa mvuvi, na nimefika huko kote kusoma subira kwa kupiga mlango mateke. Baba yangu alikuwa ameniachia jambo hili uani kwetu, bure, mwezi baada ya mwezi, na mimi nikalipita nikienda lise.

Nikainuka nikatafuta wavu wangu. Niliuona: soksi za baba yako, zote zina matundu visiginoni. Nikaziba. Nikakata kanga yangu moja nikakushonea nepi, zimepinda, kila moja na umbo lake. Nikamwimbia Madame Rolande kupitia tundu nyimbo za harusi za Rumonge, naye akanisomea karata, akadai nitazaa mvulana mwenye masharubu. Niliyeyusha theluji kwenye sufuria, sasa kwa ajili ya kunywa, na nikacheka nilipoiweka motoni, kwa sababu hapo ndipo mahali pake. Sikuenda tena kuutazama mlango. Niliujua uko wapi.

Sala yangu ya mwisho ya siku ile haikuomba kitu. Sijui kukueleza vizuri. Kabla ya hapo nilikuwa nasali kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Jioni ile nilikaa tu, nikajua kwamba baba yako yuko kule kule, barabara iko kule kule chini ya weupe ule, wewe uko kule kule ndani yangu unakua bila kuniona wala kuniuliza saa. Imani niliyoipata niliipata hapo, na ni ndogo, si ya mtu wa kutoa mawaidha. Ni hii tu: kitu kufunikwa si kitu kupotea.

Baba yako alirudi asubuhi moja na koleo na shoka. Nilisikia anapiga barafu yangu kwa muda mrefu, anahema, halafu sauti yake ikapita kwenye ubao: "Mke wangu, nani amejenga hapa?" Wewe ulizaliwa majira yalipokuwa yanabadilika, mitaro inakimbiza maji barabarani. Mtoto wa kike, bila masharubu. Madame Rolande alikataa kukubali kwamba karata zake zilisema uongo, alisema tungoje.

Sasa nikuambie jambo ambalo sitaki ulisikie vibaya. Sikuambii kwamba vita hivi ni kama theluji. Theluji haimchukii mtu, haimwulizi jina lake wala baba yake. Nikisikia milio kule juu milimani sijiambii kuwa ni majira tu, yatapita. Siku hizi Babu yako anafungiwa ziwa na askari hata giza likiwa zuri la uvuvi, na huko si kungoja mwezi; ni kunyang'anywa. Kuna mambo ya kungoja na kuna mambo ya kukimbia, na wewe nakukimbiza. Nisingekukimbiza kama ningeweza kukulinda. Hilo ulijue bila maneno ya kulipamba.

Lakini karatasi zangu, hizo nazingoja. Na wewe huko utaningoja. Ndiyo maana sikukutungia siku. Ningekupa mwezi wa sita, ungeuning'inia. Mwezi wa sita ungefika bila mimi, ungeumia. Ningekupa wa nane, ungeniamini nusu. Na wa kumi usingeniamini kabisa, hata siku nitakapokuwa nimesimama uwanja wa ndege na mabegi yangu. Kila siku ya uongo ingekuwa sufuria ya maji ya moto. Inafungua kidogo jioni, na asubuhi mlango umeshikana zaidi. Afadhali ukanikasirikia kwa ukweli.

Nilikuwa nimefika hapo, naandika neno "ukweli," niliposikia kelele barabarani, nikaacha kalamu nikaenda dirishani.

Ni wewe. Umevaa lile koti la Shangazi, la bluu, nene kama godoro, lililofika wiki jana na ambalo ulikataa hata kuligusa. Umelifunga hadi kidevuni, umevuta kofia yake, katika jua hili la Rumonge linalokausha ndagala kwa siku moja! Unashuka kuelekea mwaloni, na nyuma yako watoto wa mtaa mzima.

"Mukanada! Mukanada! Baridi iko wapi?"

"Iko njiani!" ulijibu bila kugeuka.

"Unaiva, Mukanada! Tuletee chumvi!"

"Muniache! Nyinyi mutaisikia kwenye redio tu!"

Mama mmoja aliyekuwa anageuza ndagala mchangani alisimama na ufagio wake, akauliza mutoto huyu ana homa? Ulimpita. Ulifika mpaka majini, ukasimama ukilitazama ziwa lote, halafu ukageuka ukapanda tena polepole, uso umeiva kwa joto, jasho linadondoka kwenye nyusi, na hukulifungua koti hata kidogo. Babu yako alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. "Muvueni mutoto huyo, atayeyuka!" alipiga kelele, lakini alikuwa anacheka, anajifuta macho.

Uliingia ndani ukasimama mbele yangu.

"Zipu inakwama hapa," ulisema.

Nikapiga magoti. Ilikuwa imeuma kitambaa cha ndani. Niliifungua taratibu, jino kwa jino, na joto lako likanijia usoni kama la mkate. Nikangoja uniulize siku. Nilikuwa tayari, nilikuwa na jibu langu gumu la ukweli mdomoni. Ulitazama barua hii mezani, ukanitazama mimi.

"Mama."

"Naam."

"Unisuke mistari ya kulala, siyo mafundo. Kofia ya koti isinipande juu nikifika huko."

Basi naweka kalamu. Umekaa chini pale mkekani na kitana mkononi, unaniita mara ya pili, na jua bado lipo.

Mama yako